Kilo za Chumvi

Juzi nilitoka dukani hapa Wabera, mjini Isiolo, na paketi ya unga mkononi, mmoja wenu akanisimamisha. Ni muuguzi mchanga niliyempokea wodini mwaka wangu wa mwisho wa kazi, na bado anatembea kwa haraka ya mtu aliyeitwa. Alinitazama juu hadi chini, akapiga makofi. "Salaam aleikum, Sista Dahabo! Wah, kustaafu imekubamba! Umenona, uso imejaa, unang'aa tu!" Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikaenda zangu nikitabasamu. Nilipofika nyumbani tabasamu likakatika na sikujua kwa nini. Nilikaa na ule unga mapajani nikijaribu kukumbuka ni wapi niliwahi kusikia maneno hayo hayo, na kwa nini yalinitia baridi.

Ndipo nikamkumbuka Mama Nakiru wa Oldonyiro, nikaamua kuwaandikia nyinyi wote mlioanza kazi hivi karibuni.

Lakini mnijue kwanza. Nimefanya uuguzi katika kaunti hii maisha yangu yote ya kazi: Kinna kidogo, hapa mjini kidogo, na Oldonyiro kwa muda mrefu kuliko nilivyoomba. Wastaafu wengi husimulia kana kwamba walielewa kila kitu. Mimi nilielewa vitu vichache: kumdunga mtoto sindano kabla hajajua, kumtambua mgonjwa anayenidanganya, na kusinzia nikiwa nimesimama. Mengine yalinichanganya, na mengi yananichanganya hadi leo. Moyo ndio ulionichanganya kuliko vyote. Chuoni waliniambia ni pampu, nikasema sawa, pampu naijua, kisima tunacho. Pampu ikipata maji mengi inatoa maji mengi. Nikafaulu mtihani na hayo, nikaenda nayo Oldonyiro, na huko yakaniaibisha.

Mama Nakiru alikuwa mjane wa Kiturkana aliyeuza mbuzi. Alinunua mmoja mmoja kwenye manyatta za wafugaji na kuwauza siku ya soko, na sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Mbuzi wake walijulikana kwa uviringo. Ujanja wake haukuwa siri. Jioni ya kuamkia soko aliwalambisha chumvi ya mawe, ile inayochimbwa upande wa Kinna. Asubuhi, wakiwa na kiu ya kufa, aliwafungulia maji, wakanywa mpaka matumbo yakavimba kila upande. Walifika sokoni wanameremeta, wakapandishwa mizani, na mnunuzi mgeni akalipia kilo ambazo zilikojolewa zote ndani ya lori kabla halijafika Isiolo. Wenyeji hawakuingia mtego huo. Walimshika mbuzi mgongoni, juu ya kiuno, wakabonyeza kwa vidole kutafuta nyama, maana huko chumvi haifiki. Mama Nakiru aliwacheka wote, aliyedanganyika na aliyebonyeza, kisha akawauliza habari za nyumbani.

Siku ya kwanza alipokuja kituoni alisema ana kikohozi. Nilimwona akiingia langoni, mwanamke mpana, uso umejaa, ngozi inang'aa, nikajisemea kwamba huyu anatafuta kapsuli za kwenda kuwapa mbuzi, maana wengi walifanya hivyo. Kisha nikaona kitu nisichokielewa. Kutoka langoni hadi benchi ni mwendo ambao mtoto angeutambaa bila kuchoka, na yeye alisimama njiani akishikilia nguzo, akijifanya anasoma tangazo la chanjo. Mama Nakiru hakuwa anajua kusoma.

Tulifundishwa kumuuliza mgonjwa wa namna hiyo analalia mito mingapi. Nikamuuliza.

"Mito?" akaniangalia. "Sista, Oldonyiro mito iko wapi? Hata ile ya maji imekauka."

Benchi zima likacheka, pamoja na mimi. Nikabadilisha swali. "Haya, unalala namna gani?"

Hapo hakucheka. Alisema akijilaza kwenye ngozi anaona kama mtu amemkalia kifuani, kwa hivyo siku hizi analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Gunia likipungua kwa kusagwa, analiegemeza kwenye jiwe. Basi wanangu, huku kwetu msiulize mito. Ulizeni mtu anaegemea nini, na tangu lini.

Nilimkunja sketi nikamtazama miguu. Imefura. Sista Kathure, mama wa Kimeru aliyenifunza kazi nikiwa rika lenu, alinifundisha kubonyeza. Unaweka kidole gumba kwenye mfupa wa mbele wa mguu, unakandamiza taratibu, unasubiri, unaondoa. Mnene wa kweli, nyama inarudi mara moja. Mwenye maji, shimo linabaki pale linakutazama. Sista Kathure alikuwa akisema kidole gumba hakihitaji umeme wala spea, na siku nyingi ndicho chombo pekee kilichokuwa kinafanya kazi kituoni. Nilimbonyeza Mama Nakiru, shimo likabaki. Nikabonyeza juu zaidi, chini ya goti, likabaki.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Mwenda, kijana mtaratibu kutoka Meru. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akanipa kile kifaa cha masikioni nisikilize na mimi. Badala ya ile sauti ya milango miwili inayofungwa, tuliyoizoea, nilisikia mlango mmoja na upepo. Alimpeleka mjini akapigwa picha ya moyo, ile ya kupakwa mafuta baridi kifuani. Majibu yalisema vali moja, yaani mlango mmoja wa moyo, ya upande wa kushoto inavuja, na chumba kikubwa cha upande huo kimetanuka kwa kujaa damu kupita kiasi.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. "Daktari," nikamwambia tukiwa wawili, "damu imejaa kwenye moyo, sivyo?"

"Imejaa."

"Na huyu mama anakosa pumzi kwa sababu mwili haupati damu ya kutosha?"

"Ndiyo."

"Sasa imejaa au haitoshi? Chagua moja."

Mwenda alicheka, akachora zizi kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu, na vumbi lilikuwepo la kutosha. Akaweka mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. "Mbuzi wakishaingia, unafunga nyuma yao, unawaswaga watoke mbele. Sasa huu mlango wa nyuma umeoza, haufungi. Kila ukiwaswaga, wengine wanatoka mbele, wengine wanakimbia wanarudi walikotoka. Halafu zamu inayofuata wanaingia tena, wao pamoja na wapya. Zizi linajaa kila mara kuliko mara ya kwanza. Uko na mbuzi wengi ndani, lakini wanaofika malishoni ni wachache."

"Na zizi linafanya nini?"

"Linasukumwa, linapanuka. Hilo ndilo tatizo, Sista. Nyama ya moyo ukiivuta kidogo, inajikaza zaidi, inasukuma vizuri. Kwa hivyo mwanzo mgonjwa hata hajui. Lakini ukiivuta kila siku, kila pigo, miaka, inachoka. Haijikazi tena."

"Kama lastiki ya petikoti," nikasema.

Mwenda akatazama dirishani. Hakuwa ameoa bado. "Tuseme hivyo," akanijibu. Akaendelea kwamba wale wanaokosa nafasi zizini wanajazana nyuma, na nyuma ya upande huo wa moyo kuna mapafu. Ndiyo maana akijilaza, maji yanayokuwa miguuni yanarudi kwenye damu, mapafu yanalowa, na anaamka akitafuta hewa. Akasema chanzo kinaweza kuwa homa ya koo ya utotoni iliyoachwa bila dawa, ikapanda viungoni na moyoni. Tangu siku hiyo sijawahi kumdharau mtoto mwenye koo linalouma, na nyinyi msimdharau.

Nilikubali maelezo yake, lakini sikuyaelewa mpaka chini. Hivi sasa ninapoandika, nikifunga macho, bado ninaiona ile pampu ya kisima, na bado ninashangaa.

Dawa ilikuwa tembe za kukojoa, pamoja na nyingine za kuupunguzia moyo mzigo, na amri ya kuacha chumvi. Mwenda alimwambia kwamba chumvi inashika maji mwilini, maji yanaingia kwenye damu, damu inazidi, na ile iliyozidi inaishia palepale penye mlango mbovu. Akataka apimwe uzito mara kwa mara, kwa sababu maji yanaonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana machoni. Sasa mizani. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ugatuzi, afya imeshushwa kutoka Nairobi hadi kaunti, na sisi wa mashinani hatukujua bado ni nani wa kumlilia. Mizani yetu ya watu wazima ilikuwa imekufa. Nikiuliza huku naambiwa niulize kule, nikiuliza kule wananiuliza mimi ni wa wapi. Ya watoto tulikuwa nayo, ile ya kumning'iniza mtoto ndani ya kaptura. Mama Nakiru aliitazama, akaniambia, "Hapana, Sista. Hata Mungu atacheka."

Kwa hivyo tulitumia mizani ya mbuzi ya sokoni. Kila siku ya soko nilikwenda mapema kabla wateja hawajajaa, naye akaingia kwenye kile kizimba cha chuma, akasimama wima, ameshika vyuma, mwenye mizani akatamka kilo. "Mbuzi ya kwanza ya leo," Mama Nakiru alikuwa akipaza sauti, "lakini haiuzwi!" Nilipenda asubuhi hizo. Sijui kama kuna kliniki yoyote iliyowahi kunifurahisha namna hiyo.

Dawa ilifanya kazi. Maji yalimtoka, kilo zikashuka, akalala chali, akatembea kutoka boma hadi soko bila kusoma matangazo. Nilijivuna sana. Niliposikia sokoni watu wanavyosema, majivuno yakaniisha. Shanga za shingoni zilikuwa zimemlegea. Mashavu yameshuka. Wanawake waliokuwa wakimwita tajiri sasa walimtazama wakanong'ona, na mmoja akanivuta kando. "Sista, tuambie tu ukweli. Huyu mama ako na ule ugonjwa?"

Mnielewe, vijana. Alipokuwa anazama ndani ya maji yake mwenyewe, kila mtu alimsifu. Nilipomtoa majini, wakaanza kumlilia. Na mimi niliyejua ukweli, kuna siku nilimtazama akija kwa mbali, mwembamba, kanga imemzidi, moyo wangu ukashtuka kama wao.

Naye mwenyewe alikuja kunilalamikia. "Sista, nilikuja kwako nikiwa mtu. Sasa niko kijiti."

"Unapumua?"

"Napumua."

"Unalala?"

"Nalala. Lakini watu hawanioni nikilala. Wananiona sokoni."

Nikamwambia atazoea, jibu letu wauguzi tukikosa la kusema.

Sasa, Nakiru binti yake alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri wa upande wa Kipsing. Familia ya kijana ilikuwa imesema watakuja kuona nyumba na kusalimia mama. Huko nako uvumi ulikuwa umefika kwamba mama ya msichana amekauka, na nyumba yenye mama aliyekauka ina jambo inaloficha. Nakiru alianza kukaa kimya, na mama yake aliuona ukimya huo. Hili ndilo lililokuwa linamkaba Mama Nakiru kuliko moyo wake: kwamba mtoto wake wa pekee ataachwa kwa sababu ya mashavu ya mama.

Siku ya soko iliyotangulia ugeni ule, aliingia kizimbani kama kawaida, mwenye mizani akatamka kilo, nikamwambia apime tena. Akatamka vilevile. Zilikuwa zimepanda ghafla, mpando wa kutisha. Nilimtazama. Uso umejaa. Shanga zimekaza. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mama Nakiru amerudi! Amenona! Ona vile anang'aa!"

"Unakunywa dawa?" nikamuuliza.

"Nakunywa."

"Zote?"

"Sista, zote. Uliza Nakiru."

Nakiru akatikisa kichwa kukubali, na hakuwa msichana wa kudanganya. Nilichanganyikiwa. Nilifikiri labda dawa ni mbovu, labda vali imechanika zaidi, labda mizani imepigwa teke na fahali. Nilipanda mwenyewe kwenye kizimba nikapimwa mbele ya watu, ikatoa kilo zangu sawasawa, nyingi kuliko nilivyotaka zisikike sokoni. Nikamwambia tuongozane kituoni sasa hivi. "Kesho niko na wageni," akasema. "Kesho kutwa, Sista, nitakuja nilale hata hapo kwa mlango yako." Na akaondoka akisalimiwa kushoto na kulia, anatembea polepole kama bibi harusi. Nilidhani ni maringo.

Kesho yake alasiri nilisikia boda inakuja kwa kasi isiyo ya kawaida. Mama Nakiru alikuwa amebanwa katikati, mwendeshaji mbele, binti nyuma amemkumbatia ili asiinamie upande. Midomo imekuwa ya majivu. Kila pumzi ilikuwa na sauti ya chai inayochemka, na kwenye leso yake kulikuwa na povu la rangi ya waridi. Nakiru alikuwa analia na kuongea kwa wakati mmoja. "Wageni walikuja, wakamsifu, akasimama kuwapea chai, akashindwa kumaliza kusema karibuni."

Mtu wa namna hiyo usimlaze. Hata akikusihi. Tulimketisha ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, Mwenda akamdunga sindano ya kukojoa kwenye mshipa, nikamfungulia oksijeni na kumwegemeza kifuani kwangu, maana gunia la mahindi hatukuwa nalo. Niliuhisi moyo wake ukigonga mgongoni, haraka haraka, kama unabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nikasema kila dua ninayoijua. Yeye ni Mkristo, lakini hakuna aliyepinga. Niliogopa sana, nawaambia. Niliogopa kwa sababu alikuwa anakwenda, na kwa sababu sikujua ni nini kinachompeleka.

Kisha akaanza kukojoa. Mtacheka, lakini hakuna sauti tamu katika kazi yetu kama hiyo. Ndoo ikaanza kujaa, na kadiri ilivyojaa ile chai ya kifuani ikapunguza kuchemka. Midomo ikarudi rangi. Jua lilipokuwa linashuka aliweza kusema neno, halafu maneno.

Nikamgeukia Nakiru. "Mama yako amekunywa nini? Niambie ukweli."

Mama Nakiru akainua mkono. "Wacha mtoto." Alikuwa anaitazama ile ndoo, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani ni kilio. Alikuwa anacheka, cheko la mtu asiye na pumzi ya kucheka. "Dawa nilikunywa, Sista. Sikukudanganya. Lakini nilijipea chumvi."

"Ulijipa nini?"

"Chumvi. Ile ya mbuzi. Nilitia kwa supu, nikakunywa chai birika kwa birika. Nilitaka siku moja tu. Wageni waone uso, wakule, waende. Halafu nikojoe, nirudi kwa kijiti yako." Akavuta hewa. "Kama mbuzi ya soko."

Mwenda aliacha anachofanya. Nilijaribu kukasirika na hasira ikakataa kuja. Mwanamke yule alijua kuliko mtu yeyote Oldonyiro kwamba kilo za chumvi si nyama. Alikuwa amewadanganya nazo wanunuzi maisha yake yote. Tulikuwa tumemwambia habari za chumvi mara nyingi, akaitikia kila mara. Na bado alijilambisha mwenyewe, kwa kuhesabu tu kwamba binadamu naye ataikojoa njiani. Nilimwambia mbuzi ana moyo mzima, milango inafunga, chumvi ikimjaza anaitoa. "Wewe zizi lako limejaa tayari. Umeleta kundi lingine ukalisukuma ndani."

Mama Nakiru akaunyoosha mguu, akaweka kidole gumba chake mwenyewe kwenye mfupa, akabonyeza kama wanavyobonyeza mgongo wa mbuzi, akaondoa. Shimo likabaki. Alilitazama muda mrefu.

"Huyu mimi singenunua," akasema.

Wageni walikuwa bado nje. Walikuja nyuma ya boda kwa miguu, wazee wawili na mama wa kijana, wamekaa chini ya ukuta wa kituo wasijue kama wamekuja kuposa au kuzika. Mama Nakiru akataka waingie. Nilimwambia apumzike, akakataa, na Mwenda akasema muache. Wakaingia, wakasimama mbali na ndoo. Akawaambia kila kitu, polepole, akisimama kuvuta hewa: moyo, mlango mbovu, wembamba, chumvi. Akawaambia uso waliousifu ni wa uongo, na wakirudi baada ya siku chache watakuta mashavu yameshuka, na huo ndio uso wake. Nakiru aliinamisha kichwa. Mimi niliziba mdomo kwa kiganja, maana nilikuwa na mengi ya kusema na hayakuwa yangu.

Baba wa kijana alikuwa mfugaji mzee, mrefu, mwenye fimbo. Akauliza swali moja. "Huu ugonjwa inaambukiza?"

"Haiambukizi," akasema Mwenda.

"Msichana ako nayo?"

"Hapana."

Mzee akamtazama Mama Nakiru. "Kumbe ni wewe uliniuzia wale beberu wawili, mwaka ule wa mvua."

"Ni mimi," akajibu Mama Nakiru.

"Walipungua njiani mpaka nikadhani nimeibiwa nikiwa macho." Akageuka kumwambia mke wake kitu kwa Kiturkana, mama yule akaficha uso kwenye shuka, akicheka. Kisha mzee akasema watarudi mwezi ukiandama, na safari hiyo wangependa chai isiyo na chumvi.

Walirudi. Nakiru aliolewa. Mama Nakiru alikwenda kwenye harusi akiwa kijiti, kanga imemzidi, na kila aliyemwonea huruma alipewa mguu abonyeze. Hata sokoni alianza kuwabonyeza wanawake wenzake, na watatu aliniletea mwenyewe, akiwashika mkono njia nzima. Mbuzi aliendelea kuwapa chumvi. Nilipomuuliza, alisema yeye ameokoka kwa mambo ya moyo tu.

Ule mlango wake mbovu haujatengenezwa hadi leo. Bado anameza tembe, bado anahudhuria kliniki, na ni mwembamba kama siku ile. Picha zake zinaonyesha chumba kile bado kimetanuka. Madaktari waliokuja baada ya Mwenda huitazama picha, kisha humtazama mwenye picha akiwa ameketi pale anabishana juu ya bei ya beberu, wakarudia kuitazama. Wamechanganyikiwa kama mimi, ila wao wana miwani.

Sasa nirudi kwa jambo lililonifanya niandike. Jana Mama Nakiru alikuja mjini kwa kliniki, na kama kawaida akapita kwangu kunywa chai. Nikamfungulia mlango. Hakuniuliza habari. Alinitazama uso, akashuka hadi miguuni, kwenye malapa ambayo ndiyo viatu pekee vinavyonienea siku hizi. Nikasema haraka, "Ni joto." Akaingia, akaona kochi ambalo nimekuwa nikilalia, na mito niliyoipanga juu yake. Nikasema, "Ni mgongo, kitanda kinaniumiza." Majibu yote nilikuwa nayo tayari. Wagonjwa wangu ndio walionifundisha.

Akaweka mkoba chini, akapiga magoti mbele yangu kwa shida, akanikunja buibui mpaka chini ya goti. Akabonyeza. Hakuwa na haraka. Alipoondoa kidole, sikutaka kutazama, nikatazama.

"Sista," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "nani amekulisha chumvi?"

Sijui. Huenda ni moyo, huenda ni figo, huenda ni presha ambayo nimekuwa nikiipima kwa wengine tu. Miaka yote hiyo nilijua ni nini maana ya uso unaojaa, na ulipojaa wangu nikausimamisha mbele ya kioo nikaufurahia. Mwanangu uliyenisifu dukani, sikulaumu hata kidogo, maneno yako yalinipendeza mno. Lakini kesho asubuhi nitakuwa kwenye benchi lenu, na Mama Nakiru ameapa kulala hapa ili kuhakikisha nimefika. Ukiniona usiniambie nimenona. Njoo na kidole gumba chako, upige magoti, ubonyeze.